Sura ya Nne: Mwenye Njia ni Maji

Mvua za masika zikishika ubavu wa kusini wa Kilimanjaro, njia hubadilika kabla ya mito. Vichochoro vya migombani ambavyo wiki iliyopita vilikuwa na vumbi na majani makavu vinaanza kubeba maji mekundu, kwanza kiasi cha kulowesha kandambili, kisha kiasi cha kusukuma kokoto. Mahali ambapo watu wamezoea kukata moja kwa moja kutoka nyumba ya juu hadi dukani, maji nayo hukata moja kwa moja. Msimu ukiisha, palipokuwa na njia pana korongo dogo, na watu wameshaanza kupita pembeni yake. Mwaka unaofuata pembeni nako kumechimbika. Hivyo ndivyo njia moja ya mlimani inavyokuwa tatu, na kihamba cha mtu, yaani shamba lake la ukoo, kinavyopungua pasipo yeyote kukiuza.

Sura hii inahusu baiskeli za milimani, na naanza na mvua kwa makusudi. Karibu kila kitu kinachoifanya njia ya baiskeli iwe nzuri au mbaya, ya kudumu au ya msimu mmoja, kinaamuliwa na maji. Katika msitu wa ubavu huo wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini Moshi, chini kidogo tu, mvua haifiki nusu ya hiyo. Anayeshuka kwa baiskeli kutoka juu ya msitu hadi mjini anapita katika nchi kadhaa za udongo kwa asubuhi moja: juu changarawe na vumbi la volkano, katikati mboji nyeusi inayoteleza hata wakati wa kiangazi, chini udongo mwekundu wa mashambani. Kila mmoja una tabia yake ukilowa, na njia iliyochongwa bila kuzijua tabia hizo haimalizi miaka mitatu.

Mchezo wenyewe ni mchanga. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco huko California, walikuwa wakikusanya baiskeli nzito za kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakizivua kila kisichohitajika, na kushuka nazo kwenye barabara za kuzimia moto milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kwa kupimana muda kwa mara ya kwanza, karibu na mji mdogo wa Fairfax, kwenye mteremko unaoanguka karibu mita 400 ndani ya kilomita zisizofika nne. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, breki iliyofichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Mteremko mmoja ulitosha kuunguza grisi yote hadi habu ikatoa moshi. Kabla ya kushuka tena ilibidi habu ifunguliwe na kushindiliwa grisi mpya, na barabara ile ikapewa jina la kazi hiyo: Repack. Kutoka kwenye kundi hilo la marafiki na washindani walitokea watu walioipa dunia baiskeli ya milimani kama tunavyoijua: Joe Breeze, Charlie Kelly, Gary Fisher, na fundi wa fremu Tom Ritchey. Mwaka 1979 Kelly na Fisher walianza kuuza baiskeli zilizotengenezwa na Ritchey, zenye matairi manene, gia nyingi na breki za kuaminika.

Breki ndiyo iliyofungua mlima. Hilo wanalijua vizuri zaidi ya mtu yeyote waendeshaji wa chukudu wa Kivu Kaskazini. Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali wala cheni, kina usukani mrefu na ubao wa kupiga goti. Kutoka vijiji vya juu kama Kibumba hadi Goma, vijana wameshuka nacho wakiwa wamebeba viazi, kabichi na mkaa, mzigo unaoweza kufika mamia ya kilo. Breki yake ni kipande cha mpira wa tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Goma wameisimamishia chukudu sanamu katikati ya mji, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa sanamu zenye haki zaidi katika ukanda wetu wote, kwa kuwa inamwonyesha mtu anayelisha mji.

Ritchey alifika Rwanda mwaka 2005. Akaona baiskeli za mbao zinazofanana na chukudu, akaona wakulima wa kahawa wakihangaika kufikisha matunda mabivu kwenye kiwanda cha kuoshea kabla hayajaanza kuchacha, na akaona vijana wenye miguu ya kupanda vilima siku nzima. Yaliyofuata ni baiskeli ndefu za kubebea kahawa na timu ya taifa ya mbio. Adrien Niyonshuti, mtoto wa timu hiyo, alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012 na akashindana katika mbio za baiskeli za milimani, akimaliza wa 39. Kumaliza tu kulikuwa na uzito. Njia ya Olimpiki ni duara la miamba lililojengwa kwa makusudi ya kumwangusha mtu, na hakuna Mnyarwanda aliyewahi kuipita kabla yake.

Turudi Marin, maana ugomvi uliotokea huko unatuhusu. Kufikia miaka ya 1980 watembea kwa miguu na wapanda farasi walikuwa wamechoshwa na baiskeli zinazotokea ghafla kwenye kona. Njia nyembamba nyingi zikafungiwa magurudumu. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili, usalama na mmomonyoko, na mwaka 1988 waendesha baiskeli wa California wakaunda chama cha IMBA ili kujibu hoja zote mbili. Kwa mmomonyoko, jibu lilihitaji vipimo. Watafiti wawili, Wilson na Seney, walichapisha mwaka 1994 majaribio waliyofanya kwenye njia za msituni huko Montana: walipitisha watu, farasi, baiskeli na pikipiki kwenye vipande vya njia, kisha wakamwagia mvua ya kutengenezwa na kupima udongo uliokuwa tayari kuondoka. Farasi na watembea kwa miguu walilegeza udongo mwingi kuliko magurudumu.

Matokeo hayo yametumiwa vibaya na wapenzi wengi wa baiskeli. Kwato na kisigino huchimba shimo, na shimo hubaki mahali pake. Tairi huacha mstari. Mwendeshaji anayefunga breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika anachora mfereji mwembamba unaofuata mteremko, na maji hayahitaji zaidi ya hapo ili yapate pa kuanzia. Tena mtu wa baiskeli hufika mbali kwa siku moja kuliko mtembezi, kwa hiyo alama zake hutawanyika katika eneo kubwa. Hoja ya maana kwangu iko mahali pengine kabisa: njia iliyochongwa vizuri huvumilia miguu, kwato na magurudumu, na iliyochongwa vibaya hufa hata isipopitiwa na mtu.

Wajenzi wa njia wana hesabu chache ambazo kila kiongozi wa utalii wa mlimani angepaswa kuzijua kwa kichwa. Chukua ubavu wenye mwinuko wa asilimia 40, yaani kwa kila mita 10 za kwenda mbele ardhi inaanguka mita 4. Njia inayokatiza ubavu huo isizidi nusu ya mwinuko huo, asilimia 20. Ikizidi nusu, maji yanayoteremka kutoka juu huikuta njia ikiwa ndiyo mteremko rahisi, yakaingia na kubaki humo. Ikiwa chini ya nusu, maji huikatiza njia na kuendelea zake bondeni yakiwa yametawanyika, bila nguvu ya kubeba udongo. Hata hivyo asilimia 20 ni kikomo cha kipande kifupi. Kwa njia nzima wajenzi hulenga wastani usiozidi asilimia 10, kipimo ambacho hata mtu wa kawaida mwenye gia nyepesi anaweza kukipanda bila kushuka chini na kusukuma.

Sakafu ya njia nayo huinamishwa kidogo upande wa bondeni, ili tone linaloanguka juu yake litoke papo hapo. Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hukosa uvumilivu. Baada ya msimu mmoja matairi na miguu yatakuwa yamekandamiza katikati, ukingo wa nje utakuwa umeinuka kwa udongo uliorushwa, na mwinamo ule wa mwanzo umekwisha. Ndiyo maana kuna kinga ya pili: kila baada ya umbali fulani, njia inayoshuka hupandishwa hatua chache, kisha huachwa ishuke tena. Maji hayapandi. Yakifika kwenye kibonde hicho hayana budi kutoka nje, hata kama sakafu imechakaa. Kilichonifanya niipende elimu hii ni kwamba vibonde hivyohivyo ndivyo vinavyompa mwendeshaji raha anayoisafiria. Kila kipando kidogo humpunguzia mwendo bila kugusa breki, humwinua kwenye tandiko na kumweka sawa kwa kona inayofuata. Kinachomfaa mwendeshaji kinayafaa maji, lakini kwa namna ya kinyume: yeye njia inambakiza ndani, maji inayatoa nje.

Kona za kurudi nyuma ndizo ghali kuliko vyote. Mtu anayeshuka kwa miguu huona kipande cha chini cha njia pale mbele ya macho yake na kukata, na mkato wake ndio korongo la mwaka ujao. Mjenzi mwenye akili huficha kipande cha chini kwa kuweka kona nyuma ya mwamba au kichaka kizito, au hupunguza idadi ya kona kwa kuipeleka njia ubavuni mbali zaidi kabla ya kugeuka. Na mahali pabaya kuliko mteremko mkali ni tambarare. Asiyejua hufurahi akifika tambarare kwa kudhani kazi imekwisha. Maji yakifika huko hayana pa kwenda, yanatuama, watu wanapanua njia kukwepa tope, na ndani ya miaka michache panakuwa na kinamasi chenye upana wa barabara.

Hesabu hii haikuvumbuliwa California. Wachaga waliifanyia kazi kwa vizazi vingi kabla, kwa lengo tofauti. Mfongo, mfereji wa asili wa mlimani, huanza juu mtoni ndani ya korongo la msitu, ukaushika ubavu wa korongo lenyewe, ukatembea kilomita kadhaa kwa mteremko mdogo mno hadi ukatokeza juu ya mgongo wa ardhi penye migomba na maharage. Mteremko ukizidi, maji huchimba na kubomoa ukingo. Ukipungua, hutuama na kujaza tope. Wachimbaji wa kwanza hawakuwa na pima maji ya fundi. Walitumia maji yenyewe: wanachimba kipande, wanayaacha yafuate, wanaangalia mwendo wake, wanaendelea. Palipokuwa na bonde la kukatiza waliyavusha kwa magogo yaliyotobolewa katikati. Wasafiri wa Kizungu waliofika katika karne ya 19 waliandika kwa mshangao kuhusu mifereji hiyo, na ilikuwa mamia.

Mfongo pia ulikuwa na wenyewe. Kulikuwa na ukoo au kundi la watumiaji, mzee wa kusimamia, zamu za kumwagilia, siku za kuzibua kwa pamoja, na faini kwa asiyetokea na jembe lake. Ukiutazama kwa jicho la mjenzi wa njia, utaona kwamba kipimo cha mteremko kilikuwa nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ilikuwa hii ya kujulikana nani anatoka lini na jembe. Njia nyingi za baiskeli duniani hufa kwa kukosa nusu ya pili. Hufunguliwa kwa fedha za wafadhili na picha nyingi, na baada ya masika ya pili hakuna anayejua ni nani wa kuzibua kibonde kilichojaa.

Kando ya mifereji hii pana vijia vya miguu, anamopita anayefuata maji ya zamu yake. Vina mteremko laini ambao mwendesha baiskeli yeyote angeutamani, na waongoza wageni wengine hupitisha magurudumu humo. Mimi siwaungi mkono. Ukingo wa mfongo ni udongo ulioshikwa na nyasi na mizizi, na tairi linaloubomoa saa nne asubuhi linamkosesha mtu maji ya maharage jioni. Vijia hivyo ni vya kusomea. Mtu apite kwa miguu, aone jinsi mstari unavyoushika ubavu, kisha akachore njia ya baiskeli mahali pengine, chini ya mfereji na mbali na ukingo wake.

Sasa juu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, binamu, walipeleka baiskeli hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa ajili ya kuchangisha fedha za hisani. Kwenye changarawe za Kibo, baiskeli ndiyo iliyompanda mtu. Siku hizi baiskeli zinaruhusiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kupitia njia ya Kilema, barabara ya huduma na uokoaji inayopanda kutoka upande wa kijiji cha kahawa chenye jina hilo, ikipita msituni na kutokeza kambi ya Horombo, mita 3,720. Kutoka hapo mwendeshaji anaweza kuendelea hadi kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 na ushei, akikatiza uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi.

Uamuzi wa kuzitenga baiskeli na njia ya Marangu ulikuwa sahihi. Marangu wanapita wapagazi wenye mizigo ya kilo 20 kichwani, na mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuruka pembeni kwa sababu mgeni anafurahia mteremko. Sheria ya mlimani iwe moja popote wanapokutana: mwenye baiskeli anasimama, anaishusha upande wa bondeni, anasalimia, mpagazi anapita. Nimesema anasalimia kwa kuwa kule mlimani salamu ni sehemu ya mwendo.

Udhaifu wa barabara za huduma, hapo na kwingineko, ni kwamba zilijengwa ili gari lifike. Gari lenye gia nzito hupanda mahali ambapo kanuni ya nusu ingekataa. Mvua huosha udongo laini na kuacha mawe makubwa yamekaa wazi, na mwendesha baiskeli anayeshuka huko hutumia breki muda wote. Diski hupata moto, mikono hukakamaa, na baada ya saa moja mtu hana tena nguvu vidoleni za kushika lever ipasavyo. Anayejua hushuka kwa vipande: dakika chache za mwendo, anasimama, anakunjua vidole, anagusa hewa iliyo karibu na diski kuona joto lake, anaendelea. Na akifika juu akague upepo wa matairi, maana hewa ya nje ikipungua shinikizo, tairi lililojazwa Moshi huwa gumu kidogo na hushika ardhi vibaya.

Mwili una hatari kubwa kuliko chombo. Kwenye kibanda cha Kibo, shinikizo la hewa limebaki zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la pwani, na kila pumzi inaleta oksijeni kwa kiasi hichohicho. Baiskeli huongeza mtego, kwa sababu humwezesha mtu mwenye afya kupanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezwe zaidi ya mita 500 kwa siku. Mtu aliyetoka Kilema asubuhi na kulala Horombo amekwisha kuruka kipimo hicho, na anachopaswa kufanya ni kukaa Horombo siku ya pili, atembee juu kidogo mchana na kurudi kulala palepale. Wengi hawapendi kusikia hivi. Wamelipia siku, miguu yao ina nguvu, na kichwa kinachouma wanakiita uchovu wa safari.

Hali ikizidi, ubongo huanza kuvimba, na miongoni mwa dalili za mwanzo ni kupoteza mizani. Hebu fikiria maana yake kwa mtu aliye juu ya magurudumu mawili. Tiba ya kwanza ni kushuka, na baiskeli inaonekana kuwa njia ya haraka ya kushuka. Kumbe mgonjwa huyo ndiye asiyepaswa kabisa kuipanda. Kiongozi amwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba, baiskeli inachukuliwa, hata akisema yu mzima, hata akikasirika. Anashuka akishikwa mikono, au analala kwenye machela ya gurudumu moja ambayo waokoaji wa Kilimanjaro wameitumia kwa miaka mingi, yenye springi chini yake na watu kadhaa wakiishika pande zote huku wakikimbia. Nawaheshimu sana watu hawa. Kabla ya mgeni yeyote kuleta baiskeli ya gharama kubwa mlimani, wao walikuwa tayari mabingwa wa kushusha gurudumu usiku kwenye mawe, na juu yake mtu asiyeweza kujisaidia.

Ukanda wa juu ya msitu unahitaji uangalifu wa peke yake. Huko senesio na lobelia hukua polepole sana katika baridi, na chemchemi hutoka kwenye udongo mweusi wenye maji. Gurudumu likiacha njia na kupita kwenye majani hayo, alama yake hudumu miaka. Oktoba 2020 moto ulioanzia upande wa njia ya Marangu, kati ya kambi za Mandara na Horombo, uliteketeza karibu kilomita za mraba 95 za mlima, sehemu kubwa ikiwa ya vichaka vya erika. Vichaka hivyo hunasa ukungu na kupunguza kishindo cha mvua. Vikiondoka, maji hufika njiani yakiwa mengi na kwa haraka, na mitaro iliyotosha mwaka mmoja kabla haitoshi tena. Anayesimamia njia baada ya moto inabidi aanze kupima upya kutoka juu.

Nimesema njia ina wenyewe, na historia ya milima yetu inaonyesha gharama ya kusahau hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara na Uluguru kuchimba matuta na ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na ramani na vipimo. Wakulima walikuwa na mikono ya kuchimba na macho ya kuona kwamba ngazi zilifukua udongo usio na rutuba na kuufukia wenye rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, Uluguru, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Lengo la kuokoa udongo lilikuwa halali. Lakini mlima ulichimbwa kwa amri, na waliochimba hawakuulizwa.

Sasa waendesha baiskeli wanaanza kuitazama milima hiyohiyo. Lushoto na vijiji vyake vya ukingoni, Upare, ubavu wa chini wa Kilimanjaro, kote huko kuna njia za miguu zenye mandhari ya kumfanya mtu asahau kula. Ramani za simu huzionyesha kama mistari isiyo na mwenyewe. Kila mstari unapita kwenye kihamba cha ukoo, kando ya kaburi, nyuma ya shule, juu ya chanzo cha maji. Kampuni inayochora njia ya siku tatu kwa kuunganisha mistari hiyo, kisha ikapeleka wageni kumi kila wiki, inabadilisha matumizi ya ardhi ya watu bila kikao hata kimoja. Mzee anayeweka mti njiani kuzuia baiskeli mara nyingi huitwa mkorofi. Mimi namwona kama mtu wa kwanza katika biashara ile aliyefanya matengenezo.

Utaratibu unaofaa haupiti uwezo wa kijiji. Kitongoji kinakaa, kinachagua njia zipi zifunguliwe kwa magurudumu na zipi zibaki za miguu na mifugo tu. Kikundi cha vijana kinafundishwa kupima kwa fremu ya A, ile ya miti mitatu na kamba yenye jiwe ambayo mabwana shamba wamekuwa wakifundishia kontua, pamoja na kanuni ya nusu. Februari, kabla ya masika, wanatoka na majembe, sululu na koleo, wanafukua vibonde vilivyojaa, wanashusha kingo zilizoinuka, wanapanga mawe pale ambapo ardhi haikauki. Aprili na Mei njia zinafungwa kwa baiskeli, na hoteli na waongoza wageni wanaarifiwa mapema ili wasiuze safari za miezi hiyo. Kijana aliyetunza njia mwaka mzima naye lazima ale Aprili na Mei, kwa hiyo ada ya kila baiskeli inayopita kuanzia Juni ipangwe ikiwa imebeba pia malipo ya miezi miwili ya kufunga, na kikao cha kijiji kiisome hesabu hiyo kabla mgeni wa kwanza hajapokelewa.